Jino la mwenzetu, na wale waliouliza bei yake

Wamama na dada zetu, tunawaandikia kutoka Bruxelles, sisi watatu ambao wengi wenu mnatujua kwa sauti tu.

Juma lililopita dada mmoja wa kikundi aliuliza wazi kile ambacho wengine wamekuwa wakiuliza pembeni: ni kweli kwamba mmoja wenu huko Ulaya alitia jino moja, moja tu, kwa dola elfu tatu, huku watoto wa kaka yake walirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali? Tulisoma swali lile mara mbili. Siku ya kwanza tulikasirika, siku ya pili tukaona kwamba dada huyu ametufanyia wema, maana anayeuliza mbele ya watu anakupa nafasi ya kujibu mbele ya watu. Mwenye jino ametuachia tuandike, kwa sharti kwamba tusitie jina lake. Ameketi nasi hapa, anasoma kila mstari, na mahali pawili ametufutisha.

Kwanza bei. Haikuwa dola elfu tatu. Ilikuwa euro 2,750, na tukisema kweli, ukizibadilisha hauko mbali sana na zile elfu tatu.

Jino lenyewe lilianzia Kadutu. Wale mnaoishi huko mnajua ile miteremko, na mnajua mtoto wa kike wa miaka 11 mwenye bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliteleza, bidoni ikamsukuma kwa nyuma, mdomo ukapiga jiwe. Jino la mbele la juu likavunjika kona. Alipofika nyumbani alichapwa kwanza kwa sababu ya maji yaliyomwagika, ndipo baadaye wakaona damu.

Jino halikutoka. Lilibaki, likageuka rangi ya kijivu, na miaka ikipita ufizi wa juu yake ukaanza kutoa usaha. Leo tumejifunza kwamba jino la namna hiyo limekufa ndani, na kwamba mara nyingi munganga wa meno anaweza kusafisha na kuziba mzizi wake, jino likabaki mdomoni miaka mingi. Wakati ule dawa iliyojulikana ilikuwa moja, kung'oa. Kung'oa ni bei ndogo, na kunamaliza maumivu siku ileile. Aling'olewa akiwa na miaka 17.

Alipokaribia kuolewa, mama yake aliuza vitenge viwili vya waksi, vipya, ambavyo alikuwa bado hajavishonesha, akamlipia jino la kubandika. Ni kipande cha plastiki cha rangi ya ufizi, chenye jino moja na waya ndogo mbili za kushikilia meno ya jirani. Aliolewa na jino hilo, akazaa nalo, akavuka nalo kuja Ubelgiji mwaka 2015.

Sisi hatukujua kitu. Tumekaa naye jengo moja, tumeimba naye korali moja, tumekula naye sahani moja ya sambaza. Tuliona anaziba mdomo kwa mkono akicheka, tukafikiri ni heshima ya malezi ya kwao. Tuliona hali muhindi wa kuchoma, akasema tumbo. Mume wake mwenyewe alikaa miaka mitatu bila kujua, kwa sababu alilitoa usiku taa ikiwa imekwisha kuzimwa, akalirudisha asubuhi kabla ya mtu kuamka. Tunaliandika hili polepole, kwa sababu tuko wanawake watatu tunaosema kwamba hatufichani.

Kazi yake ni nyumba ya wazee. Kila jioni anapita chumba kwa chumba na kukusanya meno ya wazee ndani ya vikopo, anayasugua, anayaweka kwenye maji mpaka asubuhi. Anasema hapo ndipo alipoona mbele yake. Wazee wa hapa, wengine wana miaka 85, hawaoni haya kutoa meno mbele yake. Yeye ana miaka arobaini na kidogo, na hawezi kulitoa mbele ya mume.

Mwezi wa kumi na moja 2023, ndani ya tramu, alipiga chafya. Jino likaruka, likaanguka chini, mtu akalikanyaga bila kujua. Aliokota vipande viwili, akashuka kituo ambacho si chake, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani huku skafu imefunika mdomo. Usiku ule alivigandisha kwa gundi, ile kali ya viatu. Tafadhali, wamama, mtu asifanye hivyo. Baada ya siku nne ufizi ulikuwa umevimba, umechubuka, na mdomo wa juu umesimama kama wa mtu aliyepigwa. Ndipo alipotuita. Mmoja wetu akamwuliza kwa nini hakutuambia siku zote hizo. Akajibu: «Ningewaambia nini? Kwamba nina shimo?»

Kwa munganga wa meno tulikwenda naye wote watatu, sekretari akatuuliza nani mgonjwa. Huko kwanza tukajifunza jambo la makaratasi ambalo linawahusu wote mlio na ndugu huku. Mutuele, yaani ile bima ya afya ya lazima, hurudisha sehemu ya gharama za meno, lakini kwa mtu mzima aliyepitisha mwaka mzima bila kwenda kwa munganga wa meno, inarudisha kidogo kuliko kwa yule aliyekwenda. Mwenzetu alikuwa amepitisha miaka minane. Na kwa jino la kupandikiza, wanaloliita implanti, bima hiyo hailipi kitu kwa mtu wa umri wake. Husaidia wazee waliopita miaka 70 wasio na jino hata moja chini, ili wapate mahali pa kushikishia meno ya kubandika. Watoto chini ya miaka 18 ndio wenye bahati, karibu kila tiba ya kawaida ya meno yao inarudishwa kwa munganga anayefuata bei za mapatano. Tuliporudi nyumbani siku ile tulipanga siku za watoto wetu sita wote, kabla hata ya kuzungumza juu ya jino la mama.

Munganga alimpiga picha ya taya, ile ya kompyuta inayozunguka kichwa, akatuonyesha. Hapo tulikaa kimya. Mahali jino lilipong'olewa, mfupa ulikuwa umekonda kama ubao wa sanduku. Alitueleza kwamba mfupa wa taya upo kwa kazi ya kushika jino. Ukiondoa jino, mfupa unaanza kuisha, sana sana katika mwaka ule wa kwanza, na haurudi wenyewe. Kwa miaka zaidi ya ishirini wa mwenzetu ulikuwa umepungua hivyo, bila maumivu, bila ishara.

Akampa njia tatu. Ya kwanza ni jino jipya la kubandika, la bei ndogo. Ya pili ni daraja: meno mawili ya jirani yanachongwa, yanavishwa kofia, na katikati linaning'inia jino la uongo. Hiyo ni tiba nzuri kwa mtu ambaye meno ya jirani yamekwisha haribika. Lakini ya mwenzetu yalikuwa mazima, meupe, hayana hata doa, na munganga mwenyewe alisema atasikia huruma kuyachonga. Ya tatu ni implanti. Hiyo ni visi ndogo ya chuma cha titani inayofungwa ndani ya mfupa mahali pa mzizi. Inaachwa miezi, mfupa unaishika, halafu juu yake ndipo panafungwa jino.

Tuliuliza, chuma kinawezaje kushikana na mfupa? Akacheka, akasema hata aliyegundua hakuwa akitafuta meno. Alikuwa munganga wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza mifupa ya sungura katika miaka ya 1950. Alitia kifaa cha titani ndani ya mfupa, na alipotaka kukitoa hakikutoka, mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, alimtilia mtu wa kwanza meno kwa njia hiyo. Kwa hiyo si jambo la jana, na si uchawi wa Wazungu wa leo.

Karatasi ya devi ilikuwa na mistari mitatu: kujenga mfupa, euro 600, visi, euro 1,100, jino la juu, euro 1,050. Mwenzetu aliikunja mara nne akaitia ndani ya Biblia, na kwa majuma matatu hakusema neno.

Katika majuma yale matatu kila mtu wa Matonge alikuwa na shauri. Wengi walisema Istanbul. Huko, wanasema, unalipa nusu, unapewa na hoteli, unarudi na meno. Hatutaki kusema kwamba waganga wa Uturuki ni wabaya, kwa sababu hata hapa wako waganga wabaya, na tunajua mama aliyekwenda huko akarudi salama. Lakini tunajua na mwingine. Jino lake lilianza kucheza baada ya miezi minane, na munganga wa hapa hakuweza kulikaza, kwa sababu visi za kampuni mbalimbali zina funguo mbalimbali, na mama yule hakuwa na karatasi yoyote yenye jina la visi yake. Kila simu aliyopiga ilijibiwa kwamba arudi kule. Na tena mfupa haujui bei ya tikiti. Kama unahitaji miezi mitano, unahitaji miezi mitano, uwe Istanbul au Ixelles. Kama mmoja wenu ataenda kutia implanti popote, Kampala, Johannesburg, India, aombe karatasi ile: jina la kampuni, namba, kipimo. Aihifadhi pamoja na pasipoti.

Sasa pesa. Tuna likelemba ya wamama kumi, kila mmoja euro 100 kwa mwezi. Zamu ya mwenzetu ilikuwa mwezi wa kumi 2024, akaomba kubadilishana na mtu ili apate mwezi wa sita. Alipotaja sababu, pakawa baridi. Mmoja akasema: «Hapa tunatoa kwa ajili ya watoto, na kwa ajili ya mafwa. Kwa ajili ya uzuri hatujatoa bado.» Aliyesema hivyo ni mmoja wa sisi watatu tunaoandika, na ni yeye aliyetaka maneno yake yaandikwe. Mwingine alimjibu palepale kwamba zamu ni pesa ya mtu mwenyewe, na mwaka uliopita yeye alinunua fotei mpya, je, nani alimwuliza kama ni za watoto? Tukacheka, lakini kicheko kile kilikuwa kigumu. Mama mmoja mkubwa, asiyesema sana, akamgeukia mwenzetu: «Toa hilo jino tuone.» Akalitoa. Ndivyo watu kumi walivyoona kwa mara ya kwanza uso ambao mume aliufichwa miaka mitatu. Mama yule akasema yeye atabadilishana.

Mfupa ulijengwa mwezi wa sita. Munganga alikuwa amemwuliza mambo mengi kabla: kama anavuta sigara, kama ana ugonjwa wa sukari, kama ametumia dawa za kuimarisha mifupa. Sukari isiyotunzwa na sigara ndizo zinazoharibu kazi hii mara nyingi. Halafu akamweleza kwamba unga wa kujazia unatoka katika mifupa ya ng'ombe, iliyosafishwa mpaka kubaki madini tu. Uko pia wa nguruwe, na wa kutengenezwa kiwandani, na mgonjwa ana haki ya kuuliza, kwa hiyo dada zetu Waislamu waulize kabla. Mwenzetu ni Mushi. Akasema katika kabila lao ng'ombe hakataliwi, na kwamba mume wake alileta kwao saba, huyu atakuwa wa nane.

Alidungwa sindano ya ganzi, hakulazwa. Anasema hakusikia maumivu, alisikia kusukumwa na kutikisika, kama mtu anayetengeneza mlango nyumba ya pili. Maumivu yalikuja jioni. Siku ya pili uso ulivimba mpaka jicho, siku ya nne ukaanza kushuka. Barafu kwa nje, dawa ya kusukutua, uji, ndizi za kupondwa, sombe iliyopoa. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi. Jino lile la zamani, ambalo munganga alilitengeneza upya baada ya gundi, alilivaa kwa muda wa kutoka tu, likiwa limechongwa kwa ndani lisikandamize kidonda. Hilo ni la kuangalia sana, kwa sababu jino la kubandika likikalia mfupa mpya, linaubomoa.

Mwezi wa tisa ukafika, na mwezi wa tisa mnaujua. Kaka yake aliyekuwa Goma aliomba minervali ya watoto wanne. Sehemu ya kwanza alituma. Ya pili ilichelewa majuma matatu, kwa sababu alikuwa akikusanya euro 700 zilizobaki za visi, akifanya kazi siku za Mungu na sikukuu. Watoto wawili walirudishwa nyumbani siku tano. Hilo ni kweli, na hatutalifunika. Katika siku zile tano, mtoto wake wa hapa, wa miaka saba, akizungumza na bibi kwa telefoni, akasema kwa furaha kwamba mama anatiwa jino la elfu mbili. Bibi hakujibu kitu. Kaka ndiye aliyejibu, kwa sauti ya dakika nne katika grupu ya familia, mbele ya mashemeji. Maneno yenyewe mwenzetu ametufutisha. Tuseme tu kwamba neno «majivuno» lilikuwemo mara tatu.

Hakujibu. Visi ilitiwa mwezi wa kumi na moja 2024. Akiba ya jino la juu aliiweka ndani ya bahasha, ikajaa katikati ya mwezi wa kwanza kwa msaada wa nyongeza ya mwisho wa mwaka ya kazini. Euro 1,050 kamili. Alibakiza kungoja mfupa mpaka mwezi wa nne.

Mnajua kilichofuata, nyinyi mlikuwa ndani yake, sisi tulikuwa kwenye telefoni. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita iliingia Goma. Kaka yake alikuwa ametoka siku chache kabla, na mke na watoto wanne, wakafika Bukavu kwa mama. Kabla ya mwezi wa pili kuisha, vita ikawa imefika na Bukavu. Benki zilikuwa zimefungwa, pesa ilipita kwa telefoni tu, na aliyekupa franka mkononi alijikatia kwanza. Katika majuma yale hatukulala. Hakuna mtu aliyetuambia bahasha imekwenda wapi, na hatukuuliza. Tulijua tu kwamba parsele ya mama ilikuwa na watu kumi na wanne, na walikuwa wakila.

Mwezi wa nne sekretari wa munganga akapiga simu kuuliza kwa nini mgonjwa amefuta siku yake. Mwenzetu alisema ana kazi nyingi. Mara ya pili alisema anasafiri. Mara ya tatu mmoja wetu alikuwa karibu, akachukua telefoni, akasema ukweli: pesa imekwenda nyumbani, kwetu kuna vita. Kukawa kimya kidogo. Halafu sekretari akasema njooni tu.

Munganga alimtazama, akapiga picha ndogo. Mfupa ulikuwa umeishika visi vizuri. Akasema visi inaweza kungoja chini ya kifuniko chake miezi kadhaa bila kuharibika, bora asafishe pale kila siku, na aendelee kuvaa jino la kubandika ili meno ya jirani yasiegemee kwenye nafasi. Kuhusu pesa, alikubali euro 150 kwa mwezi, na kwamba baada ya mwezi wa tano atalifunga jino bila kungoja mwisho. Hatukujua kwamba mtu anaweza kuomba hivyo. Miaka yote tumefikiri karatasi ya devi ni kama bei ya butike kubwa, unalipa au unatoka. Tukahesabu ni wangapi kati yetu wameacha tiba kwa kuogopa kuuliza swali moja.

Jino lilifungwa mwezi wa tisa 2025. Ilichukua chini ya saa moja. Munganga alichagua rangi kwa kulinganisha na jirani zake mchana, karibu na dirisha, akaongeza umanjano kidogo, kwa sababu jino jeupe kupita mengine linajitangaza. Alimpa mwenzetu masharti: kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kupitisha uzi pembeni ya jino kila jioni, na kurudi kuonyesha mara mbili kwa mwaka. Implanti haitoboki kama jino, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka unaweza kuugua, ukaisha kimyakimya, visi ikatoka nzima. Na asimenye muwa kwa meno ya mbele. Hapo mwenzetu alisikitika kweli.

Kwa dada aliyeuliza, na kwa wote wenye watoto wanaoteka maji kwenye miteremko, tunaongeza hili tuliloambiwa. Jino la utu uzima likitoka lote kwa kuanguka, lishike kwa upande wa kutafunia, usishike mzizi, usilisugue. Kama ni chafu, lipitishe kwenye maji safi mara moja. Lirudishe palepale kwenye shimo, mtoto aume kitambaa, au litie ndani ya maziwa, na mkimbilie kwa munganga wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi. Na jino likipigwa likageuka kijivu, uliza juu ya kutibu mzizi kabla ya kukubali kung'oa. Implanti haifai kwa mtoto, kwa sababu taya lake bado linakua, kwa hiyo jino analopoteza leo atalingojea miaka.

Kaka yake? Mwezi wa tano alituma sauti nyingine, fupi. Alikuwa amesikia kwa mtu ile bahasha ilikuwa ya nini. Alisema tu: «Yaya, sikujua.» Mwenzetu aliisikiliza mara nyingi jikoni, akidhani hatusikii. Bado hawajazungumza juu ya yale «majivuno», na sisi si watu wa kuwalazimisha.

Jioni ya siku ile jino lilipofungwa, alipiga simu ya picha kwa mama yake Bukavu. Mtandao ulikuwa mbaya. Tuliona dari, halafu paji la uso la bibi, halafu dari tena. Bibi akasema: fungua mdomo, fungua, sogea kwenye taa. Mwenzetu akafungua mdomo mbele ya telefoni kama mtoto, na mume wake amesimama nyuma ananyoosha kidole: lile pale, la kushoto. Bibi akatazama sana, akasema halitofautiani. Kisha akauliza:

«Na lile langu liko wapi?»

Lilikuwa ndani ya kabati, katika kikopo kilichoisha mafuta ya kujipaka.

«Usilitupe», akasema bibi. «Vitenge vile vilikuwa vya waksi kweli.»